Tahadhari ya Mvua Kubwa: Je, ni Kudai Elimu ya Ghaibu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake.

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza mvua kubwa, tunaletewa suali lile lile: huku si kuingilia ghaibu, na aya ya mwisho ya Suratu Luqman imeweka ujuzi wa mvua kwa Allah peke yake? Wanaouliza wamo wenye watoto na ndugu bara, hadi Ifakara na bonde la Kilombero. Kwa hiyo jawabu ya ovyo hapa inaweza kugharimu roho.

Tusome kwanza tangazo lenyewe. Halisemi mvua itanyesha kijiji fulani saa fulani. Linataja baadhi ya maeneo ya mikoa, mathalan Morogoro, Pwani, Tanga na visiwa vyetu, kisha linaeleza uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Asemaye "uwezekano" hajadai ghaibu. Ni kama mvuvi wa Nungwi aliyeona wingu zito akarudi pwani, ila huyu anatazama kwa satelaiti na rada. Kilichokemewa katika hadithi ya Zayd bin Khalid al-Juhani, asubuhi ile ya Hudaybiya baada ya mvua ya usiku, ni kuinasibisha mvua na nyota.

Ama Ifakara, mji upo tambarare chini ya milima ya Udzungwa, na Mto Lumemo ushukao huko umeshafurika na kuingia mitaani mara kadhaa. Mtu anaweza kuwa na jua juu ya paa lake na mafuriko yako njiani, kwa sababu mvua imenyesha milimani. Tena huko hakuna masika na vuli kama kwetu. Msimu ni mmoja, Novemba hadi Aprili. Mzazi aliyesikia utabiri wa vuli ya Unguja akampigia mwanawe Ifakara kumtuliza, amempa khabari ya pengine.

El Nino ilitangazwa tangu Agosti 2023. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kuwa watu 155 wamefariki na 236 wamejeruhiwa kwa mvua na mafuriko nchini. Maji ya Kilombero huishia Rufiji, na Rufiji msimu ule ilizama. Siku chache baadae kikaja kimbunga Hidaya (jina zuri kwa jambo zito!), safari za boti zikasimamishwa, kisha kikapungua nguvu kilipofika Mafia. Tukawasikia waliocheka kuwa watu wametishwa bure. Sisi hatuoni hivyo. Aliyefunga mlango na mwizi asije hajapata khasara.

Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akaambiwa Sham kuna tauni, alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, akajibu kuwa anatoka kwenye qadari Yake kwenda kwenye qadari Yake. Na Ibn Abbas (r.a.), siku ya mvua, alimuamrisha muadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao, na akabainisha kuwa hivyo alifanya aliye bora kuliko yeye. Adhana yenyewe, basi, imewahi kubeba tahadhari ya hali ya hewa.

Kwa msingi huo tunaona imamu mwenye kipaza sauti aisome tahadhari baada ya sala, na mwenye jamaa Kilombero aangalie tahadhari ya mkoa wa Morogoro, si ya kwetu tu. Video za mafuriko ya miaka iliyopita zisisambazwe kama za leo. Huo ni uongo. Na aliyezuiwa na maji kufika Ijumaa ana udhuru, atasali adhuhuri nyumbani kwake.

Wallahu a'lam.