Kijana mwenye ulemavu wa akili akishatimiza miaka 18

Katika mkoa wetu wa Geita familia yenye mtoto mwenye ulemavu wa akili hupata pa kumpeleka kwa muda mfupi tu. Palipo na kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi, mtoto huondoka asubuhi, hufundishwa kuvaa, kuhesabu na kukaa na wenzake, na mama hupata saa chache za kwenda gengeni. Kisha mtoto huota ndevu, sauti ikawa nzito, mwalimu akasema umri umepita. Kuanzia siku hiyo hurudi nyumbani moja kwa moja. Huduma imekoma na ulemavu upo pale pale.

Sisi tunaotembelea nyumba za Waislamu, kuanzia Geita mjini hadi Katoro na Nyarugusu, tumeyaona yafuatayo baadaye. Tumemkuta kijana wa miaka ishirini na kitu amefungwa kamba kwenye mguu wa kitanda. Mama yake si mkatili. Ni mama lishe machimboni, na asipokwenda hakuna atakayekula. Tumewakuta wengine wakiponda mawe ya dhahabu kutwa nzima kwa ujira wa sahani ya ugali, kwa kuwa hawajui kudai. Na wapo mabinti wanaofungiwa katika vyumba vya kupanga, ambako kila mpangaji anajua saa ambayo mama hayupo. Kumwingilia binti wa namna hiyo ni jinai. Wazee wanaokaa kikao na kulimaliza jambo hilo kwa mbuzi na fedha kidogo, ili lisifike polisi, wamekuwa washirika katika dhuluma hiyo.

Tutofautishe pia mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Ulemavu wa akili si wendawazimu. Huanza tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni: mtoto aliyekosa hewa uchungu ulipochelewa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo. Kwetu lipo pia suala la zebaki, ambayo mvuke wake, dhahabu inapochomwa jikoni, unaweza kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hatusemi kwamba kila mwenye ulemavu ni wa zebaki. Tunasema wajawazito wakae mbali na moto huo. Kisomo hatukikatai, kwani dua ni haki ya kila mgonjwa. Lakini anayepokea laki kadhaa kwa madai ya kumtoa jini mtu ambaye ubongo wake ulidhurika siku aliyozaliwa, anakula mali ya batili, awe mganga wa kienyeji au mwenzetu mwenye kanzu. Kifafa, ambacho huwapata wengi wao, kina dawa hospitalini.

Wapo wanaoona haya kuiendea serikali, wakidhani ni kuomba-omba. Tuwakumbushe kwamba Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) habari ya mwanamke aliyekuwa na kasoro katika akili yake, aliyemjia Mtume (s.a.w.) na haja. Mtume alimwachia yeye achague njia ya kukutania, akakaa naye mpaka haja yake ikamalizika. Naye Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala tangu mwaka 705 hadi 715, anasimuliwa na at-Tabari kwamba aliwapangia wasiojiweza posho kutoka hazina, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu wa kumwongoza. Mafakihi nao wamesema kwamba mtoto akibaleghe hali hawezi kuchuma, matumizi yake hubaki juu ya baba. Baba wa Katoro aliyeoa mke wa pili na kumwachia wa kwanza mzigo huo peke yake aelewe kwamba hilo ni deni.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, imeweka wajibu kwa ndugu na pia kwa serikali za mitaa. Serikali inavyo vyuo vya ufundi na marekebisho, kama Yombo Dar es Salaam, Sabasaba Singida na Luanzari Tabora, lakini hivyo ni kwa anayeweza kujifunza fani na kuishi mbali na kwao. Makazi ya Kolandoto, Shinyanga, na Bukumbi, Mwanza, ni ya wazee na wasiojiweza wasio na jamaa. Asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo wa biashara; ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Jihadharini na jamaa anayetaka jina la kijana wenu liandikwe kwenye kikundi, kisha mkopo aende nao yeye. Jirani zetu wa Kenya, tangu mwaka 2011, wamekuwa na mpango wa kuipa fedha kila mwezi kaya masikini inayomlea mwenye ulemavu mkubwa. Fedha hizo husaidia, ila hazimpi kijana pa kwenda asubuhi.

Pa kwenda asubuhi ndipo tunapopadai. Si lazima liwe jengo la ghorofa. Chumba kikubwa chenye uzio, choo anachoweza kukitumia, bustani ya mchicha, uji saa nne, mwalimu mmoja aliyesomea elimu maalumu na wasaidizi wawili au watatu. Kijana apelekwe saa mbili, arejeshwe saa tisa. Kule Morogoro kituo cha Mehayo, ambacho si cha serikali, kimeonyesha kwamba watu hawa hujifunza kazi za mikono na bustani wakitulizwa na kusubiriwa. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inaitaka kampuni ya mgodi iandae mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Fedha za namna hiyo zimejenga madarasa na zahanati hapa Geita. Hatuoni kwa nini zisijenge chumba hicho. Nasi tunayo madrasa ambayo hukaa tupu tangu asubuhi hadi watoto watoke shule. Kamati za misikiti zinaweza kuyatoa kwa kuanzia, yapokee kijana wa Mwislamu na wa Mkristo, nayo halmashauri itoe mwalimu.

Lakini halmashauri haitengi fedha kwa mtu isiyejua kuwa yupo. Hapa lawama ni yetu. Kijana aliyefichwa chumba cha nyuma wakati wageni wanapokuja hufichwa pia mbele ya mjumbe. Mzazi aanze kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kijana aandikwe katika orodha ya watu wenye ulemavu, kisha achukue barua ya utambulisho kwa mtendaji na kwenda nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, akiwa na kijana mwenyewe. Amwombe ampeleke hospitali apimwe na kuandikiwa aina ya ulemavu, na kama kaya haina uwezo, aulize utaratibu wa msamaha wa matibabu. Akiambiwa aje kesho, aje kesho, na asije peke yake.

Wazazi wa mtaa mmoja waandike ombi moja la kituo cha kutwa, wataje idadi ya vijana wao na umri wa kila mmoja, walisome kwenye mkutano wa mtaa mbele ya diwani kabla bajeti haijapangwa, kwani mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ombi lipelekwe kwa mkurugenzi likiwa nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe, irudi nayo nyumbani.