Mama na Sheria: Kesi Isiyofutwa kwa Ng'ombe

Dada yetu aliyeolewa Rangwe, kaunti ya Homa Bay, ametuandikia akiuliza: binti akinajisiwa, kisha wazee wa pande mbili wakapatana kwa ng'ombe, je, mama aweza kukataa?

Aweza. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 kilimpa Mwanasheria Mkuu peke yake uamuzi wa kusimamisha upelelezi au mashtaka, na baada ya Katiba ya 2010 kazi ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya baba, si ya chifu, wala si ya imamu wa mtaa.

Sheria hiyo ilipatikana kwa taabu. Njoki Ndung'u, mbunge wa kuteuliwa, alipouleta mswada, Paddy Ahenda wa Kasipul Kabondo, pande hizo hizo za dada yetu, alidai kuwa wanawake wa Kiafrika wana haya, husema "la" hali wamekusudia "ndiyo", na kwamba wanaume watashindwa kuposa. Wabunge wanawake walitoka ukumbini. Nasi twastaajabu hata leo, kwani haya kwetu ni katika imani. Vipi igeuzwe hoja ya kumkana mwenye kuwa nayo?

Hofu hiyo ya wanaume iliacha alama. Kifungu cha 38 kilisema mwenye kushtaki kwa uongo aadhibiwe kama ambavyo angeadhibiwa mshtakiwa. Msichana wa miaka 14 asiye na shahidi angethubutu vipi kwenda kituoni? Kilifutwa mwaka 2012. Mume na mke, hata hivyo, waliachwa nje ya sheria hiyo.

Adhabu ni nzito: mtoto wa miaka 11 au chini, kifungo cha maisha, wa 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa hakimu hawezi kushuka chini ya kiwango hicho. Twaunga mkono, ila twajua uzito huo ndio unaowafanya jamaa wamfiche mwana wao na kukimbilia kikao cha ng'ombe.

Dada, ushahidi wa mtoto peke yake watosha iwapo mahakama itauamini na kuandika sababu zake. Na likitokea, mpelekeni hospitali kabla ya kumwogesha, mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, na nguo zake mzitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki.