Mtunzi hana nafasi kwenye MP3

Likizo iliyopita nilikaa kwa mama, Mombasa, nikihamishia kanda zake za taarab kwenye tarakilishi. Kazi si ngumu, ni subira tu: kanda ya dakika 60 hurekodiwa kwa dakika 60. Nikazipanga nyimbo kwa programu niliyoiandika mwenyewe, nikampa simu asikilize. Akatazama kioo, akauliza, "Na aliyetunga mbona hayupo?"

Nikakosa la kusema. Wajuao taarab ya Mombasa wanaelewa kwamba mwimbaji na mtunzi wa shairi mara nyingi ni watu wawili. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, yule wa Malenga wa Mvita (1971).

Sasa, ndugu msomaji, fungua faili la MP3 uangalie lebo ya ID3, iliyobuniwa mwaka 1996. Ni baiti 128 zinazobandikwa mwishoni mwa faili: 3 za alama ya utambulisho, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na 1 ya aina ya muziki. Jumlisha, zinatimia. Mtunzi hakutengewa hata moja. Hiyo baiti ya mwisho nayo ilirejelea orodha ya aina 80. Polka imo, taarab haimo!

Utasema hayo ni ya kale. Kweli, ID3v2 ilikuja mwaka 1998 na ina mahali pa mwandishi wa maneno. Lakini mahali kuwepo ni jambo moja, na programu kuuliza ni jingine. Yangu haikuuliza. Ilikuwa na safu moja, "msanii", na sikuifikiria hata dakika moja.

Tunalalamika kwamba intaneti inawaibia wasanii. Mimi naona sisi waandishi wa programu tunawapokonya mapema zaidi, tena bila nia mbaya. Fomu isipouliza jina, jina halimo, na faili likinakiliwa mara elfu, halimo mara elfu. Kwenye majalada ya kanda za mama kuna mwandiko wa marehemu baba: wimbo, mwimbaji, na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, "maneno ya fulani". Kalamu haikumwekea mipaka.

Nimeongeza safu ya mtunzi. Kanda saba hazina majalada, na safu zake bado ni tupu. Mama amesema atawauliza wenzake wa Kibokoni, kabla nao hawajasahau.