Mashahidi wa Dar es Salaam

Mpwa wangu, aliyehitimu masomo ya uhasibu mwaka jana, amepata katika juma moja kitu ambacho wenziwe wengi hawajakipata baada ya miaka mitatu ya kuzunguka na bahasha, nacho ni barua mbili za kazi. Moja imetoka Dar es Salaam, inamwahidi shilingi laki saba kwa mwezi. Ya pili imetoka hapa hapa Tanga, inamwahidi laki tano na nusu. Jumapili iliyopita ukoo ulikutana barazani kwa dada yangu Ngamiani, kahawa ikapita na kashata zikafuata, na kabla kijana mwenyewe hajapewa nafasi ya kusema alitakalo, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa kwa sauti moja: aende Dar. Nilipouliza sababu, nilitazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini maji ya bahari yana chumvi.

Itikadi hii, kwamba kazi ya maana iko Dar es Salaam na kwamba aliyebaki mkoani amebaki nyuma, imekaa vifuani mwetu muda mrefu hata haidaiwi tena dalili. Mimi naidai. Nikachukua karatasi iliyofungiwa kashata, nikamwambia kijana anipe kalamu, tukaandika pamoja. Huko atapanga chumba na sebule kwa laki moja na nusu, tena mbali. Atapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, shilingi mia sita kila moja, siku 26 za kazi. Na mchana atakula kwa mama ntilie kwa elfu tatu. Mambo hayo matatu peke yake yamekula 290,400, na bado hajanunua chakula cha usiku wala luku. Huku atapanga chumba kwa elfu sitini, kazini ataendesha baiskeli kama nusu ya mji huu inavyofanya, na mchana atarudi kula kwa mamaye. Laki saba ikabaki 409,600. Laki tano na nusu ikabaki 490,000. Kisha tukahesabu saa nne za barabarani kila siku, zikafika 104 kwa mwezi, ambazo ni zaidi ya siku nne, usiku na mchana, za umri wa mtu aliyesimama ameshika bomba la gari.

Nilidhani nimeshinda. Dada yangu, ambaye hakusoma uhasibu, aliiweka kando karatasi ile akanikazia macho. “Kaka,” akasema, “wewe ulikaa Dar miaka sita. Mbona hukuyasema haya ulipokuwa ukitujia na khanga na tende?”

Swali hilo lilinifunga kinywa pale barazani, na makala haya ndiyo jibu ambalo nilistahili kulitoa tangu zamani. Nilikuwa nikiishi Mbagala. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kituoni Rangi Tatu miongoni mwa mamia, na gari lilipofika nilifanya kama walivyofanya wengine: nilirusha mkoba wangu dirishani ili ushike kiti, kisha nikaufuata kwa njia hiyo hiyo, kichwa kwanza, nikiwa nimevaa tai. Mwanangu wa kwanza nilimjua zaidi kwa nyayo zake, kwani nilimwacha amelala kifudifudi na nilimkuta amelala kifudifudi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka ya mwezi mmoja juu yake kwa kazi ya kunionyesha mlango. Mara mbili nilikopa ili nilipe. Na hizo khanga na tende, dada yangu, zilikuwa za mkopo vilevile.

Hakuna jambo hata moja kati ya hayo nililolitamka nyumbani. Mtu aliyeagwa kwa dua na ubani, ambaye shangazi zake walimchangia nauli na jirani wakampa kuku wa safari, hawezi kurudi akasema kwamba alikokwenda anaishi kwa dhiki kuliko alikotoka, kwa sababu kukiri kwake kungekuwa fedheha ya wote waliomtoa. Basi husema, “Mambo mazuri, tunashukuru,” hutoa zawadi, hupiga picha, na Idi ikiisha hurudi Mbagala. Kadhi hutilia shaka ushahidi wa mtu mwenye manufaa katika kesi; barazani kwetu mtu huyo ndiye anayepewa kiti. Kila mwaka Dar es Salaam husifiwa na watu wasioweza kuilaumu, na kila mwaka vijana wapya hupanda mabasi kwa ushahidi huo. Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika mkoa ule. Ya mwaka 2022 ikawakuta 5,383,728. Waajiri ni wengi huko, sikatai, walakini wanaowabishia hodi ni wengi zaidi.

Mzee mmoja katika baraza ile, aliyekata mkonge ujanani, alinijibu kwa hoja iliyo nzito kuliko zote, nami sitaki kuipita. Alisema Tanga iliwahi kuaminiwa, na iliwaangusha walioiamini. Ni kweli. Miche ya mkonge ililetwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, mwaka ule ule ambao reli ilianza kujengwa kutoka bandarini petu kuelekea Usambara, na kwa muda wa miaka sabini hivi nyuzi zile ndizo zilizotulisha, hata katikati ya miaka ya sitini mavuno ya nchi yakapita tani 200,000 kwa mwaka. Manamba walikuja kutoka mbali, wengine kutoka Urundi na Msumbiji, kwa kuwa huko kwao iliaminiwa kwamba riziki iko Tanga. Kisha dunia ikageukia kamba za nailoni, bei ikaanguka, mashamba yakageuka vichaka, na wana wa waliokuja wakaanza kuondoka.

Lakini mzee amenishuhudilia mimi. Mji huu ulikuwa Dar es Salaam ya wakati wake, na waliouendea kwa itikadi tupu, bila ya kuuliza kazi gani, kwa ujira gani, kwa maisha gani, ndio waliobaki na mapanga mikononi. Sitaki nami niuze ghururi nyingine. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, la kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa Tanga, na wapo wanaotuambia kwamba litatutajirisha sote. Bomba likisha kujengwa huhitaji mikono michache. Na mji mdogo una taksiri zake: ukigombana na mwajiri mmoja umegombana na nusu ya mji, na wapo mabwana wanaokata mishahara kwa kisingizio kwamba maisha huku ni rahisi, utadhani urahisi huo wameuleta wao.

Wala sisemi kwamba hakuna wa kwenda. Anayetaka kuwa bingwa wa upasuaji wa moyo aende, na mwenye mtaji wa Kariakoo aende. Mwimbaji Siti binti Saad alitoka Fumba akaingia Mji wa Unguja na vyungu vya kuuza, na bila ya mji ule santuri zake za Bombay za mwaka 1928 zisingalikuwapo. Ila aliyeandika wasifu wake, Shaaban Robert, alikuwa karani wa serikali katika miji kama Pangani na hii yetu, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alibaki nyuma.

Barua ya Tanga inataka jibu kabla ya Ijumaa. Kijana ameikunja karatasi ya kashata akaitia mfukoni, na jana usiku alinipigia simu kuuliza bei ya baiskeli. Asubuhi hii nilipopita Ngamiani nimemkuta mamaye ameanika barazani begi jipya la magurudumu, ili jirani walione.