Kengele ya Bweni Isiwe Mlezi wa Pekee

Kijana wa bweni huamka kwa kengele, hula kwa kengele, husoma kwa kengele na hulala kwa kengele. Miaka 2 ya kidato cha 5 na cha 6, ambayo katika shule nyingi za serikali nchini Tanzania huwa ya bweni, ni mazoezi makubwa ya kuishi mbali na wazazi. Mtoto wa mkulima wa Kigoma hulala chumba kimoja na mtoto wa karani wa Tanga. Hufua nguo zake, hufagia bweni, hupanga foleni ya ugali na maharage, na hujifunza kumvumilia mwenzake anayekoroma. Hapana shaka kwamba malezi hayo humfaa afikapo chuo kikuu. Mwalimu Nyerere alipita njia hiyo: alitoka shule ya Tabora akaingia Makerere mwaka 1943.

Lakini chuoni hakuna kengele. Hakuna kiranja wa kuhesabu vichwa usiku, wala mwalimu wa zamu wa kumtafuta asiyeonekana darasani. Fedha za chakula za mkopo wa serikali hutolewa kwa mafungu, na ni juu ya mwanafunzi kuzigawa mpaka fungu jingine lifike. Aliyezoea kupakuliwa sahani aweza kuzimaliza mapema, kisha akashinda njaa huku mitihani ikimkabili. Fedha hizo ni jasho la umma, naye atapaswa kuzirejesha.

Bweni halina lawama. Lawama ni ya wale wanaodhani kwamba utii ndio nidhamu. Utii hungoja msimamizi; nidhamu humfuata mtu hata akiwa peke yake. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule. Shule nyingi zilishika jembe, zikasahau uamuzi.

Yafaa basi walimu wakuu waanze na mambo madogo. Wanafunzi wa kidato cha 6 waonyeshwe hesabu za jiko wazikague, wapange wenyewe saa za kujisomea, wachague viongozi wao kwa kura, na watoe maelezo pale wanapokosea. Kukosea watakosea, lakini kosa la bwenini husahihishwa na mwalimu aliye karibu, na kosa la chuoni laweza kumrudisha kijana nyumbani mikono mitupu. Wahenga walinena: samaki mkunje angali mbichi.