Bibi harusi mtarajiwa, maliza ngazi yako kwanza



Mwezi uliopita binti wa dada yangu alikuja dukani kwangu Manundu, Korogwe, akitokea Handeni anakosoma ushonaji. Alikuja kupimwa gauni la nikahi. Nikiwa namzungushia futi kiunoni akaniambia, "Mama mdogo, nimeacha kuingia darasani. Karakana naingia, lakini hesabu, mawasiliano na ujasiriamali basi tena. Kushona najua. Kwani cherehani inaongea Kiingereza?"

Nilicheka. Akaongeza kwamba hata mtihani wa ngazi hataungoja, kwa sababu mchumba yuko Unguja na harusi imepangwa mwezi mmoja kabla ya mtihani. Hapo nikaacha kucheka. Nikaweka futi chini, nikamwambia akae tuzungumze. Maneno yale niliyasema mimi mwenyewe miaka 12 iliyopita, nayo yamenigharimu mpaka leo.

Nimeona niyaandike hapa, maana najua wengi mnaosoma ni mabinti mlio kwenye posa, na wengi wenu mmeshika kozi fulani mkononi: ushonaji, upishi, mapambo, saluni.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikafaulu masomo manne: Kiswahili, Uraia, Biolojia na Elimu ya Dini ya Kiislamu, ile tunayoiita EDK. Nikaenda chuo kusoma ushonaji. Nikapata Ngazi ya Kwanza. Katikati ya Ngazi ya Pili nikaolewa, nikaacha. Sikuona hasara, maana mikono yangu ilikuwa tayari inashona abaya, madira na magauni ya harusi, na wateja walikuwepo. Yale masomo ya darasani nilikuwa nayakwepa tangu mwanzo. Nilikuja kushona, sikuja kusoma hesabu.

Hasara ya kwanza ilikuja na oda ya harusi kutoka Unguja. Wapambe wanane, magauni ya aina moja, kitambaa cha lesi. Kila gauni lilihitaji mita tatu na nusu. Nilikadiria kwa macho nikanunua mita 24. Fanyeni hesabu wenyewe: nane mara tatu na nusu ni 28. Niligundua nimepungukiwa mita nne nikiwa nimeshakata magauni sita. Duka nililonunulia kitambaa kilikuwa kimekwisha. Nikapanda gari hadi Tanga mjini, nikazunguka siku nzima, nikakipata kinachofanana kwa bei ya juu. Faida yote ya kazi ile ikaishia barabarani. Hesabu ile ni ya dakika moja. Niliikimbia darasani ikanisubiri dukani.

Hasara ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Miaka mitano baada ya kuacha chuo, biashara ilikuwa imekua, alhamdulillah, nikatamani kusoma ubunifu wa mavazi hadi stashahada. Nikaanza kuuliza. Nikaambiwa sharti la kozi nyingi za astashahada zilizo chini ya NACTE, ambayo tangu 2021 inaitwa NACTVET, ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini. Nikahesabu yangu kwa vidole. Bila EDK yanabaki matatu.

Msinielewe vibaya. Sijutii hata siku moja kusoma EDK, na ningerudi shule ningeisoma tena. Elimu ile ina malipo yake kwa Allah SWT. Ninachosikitikia ni kwamba hakuna aliyeniambia mapema kuwa kwenye mlango ule haihesabiwi, ili nikazane kwenye somo la nne. Wewe unayesoma hapa na mdogo wako yuko sekondari, mwambie leo.

Kulikuwa na mlango mwingine, na huo niliufunga kwa mkono wangu. Ufundi stadi una ngazi tatu. Ukipanda hadi Ngazi ya Tatu, cheti hicho kinaweza kukuingiza ngazi ya nne, ambayo ni astashahada ya awali, kwa kozi zinazokipokea na kwa masharti ya kozi husika. Ngazi ya tano ni astashahada, ya sita ni stashahada, ya nane ni shahada, na ngazi zinaendelea hadi ya kumi. Ni ngazi moja ndefu kutoka kwenye cherehani hadi chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kipago cha kwanza, na mguu mmoja hewani.

Dada zangu, hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Ukihama mji, ujuzi wa mikono unahama na wewe, lakini mwenye chuo hauoni. Anachokiona ni karatasi: umesoma somo gani, kwa saa ngapi, umefaulu au hukufaulu. Kwenye kozi za astashahada na stashahada wana kipimo wanachokiita krediti. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, karakana na kazi unazofanya mwenyewe. Mwaka mmoja wa masomo hubeba krediti 120 hivi, yaani saa 1,200. Anayehama na matokeo yake kamili anakwenda na saa hizo. Anayehama bila mtihani anaziacha pale pale alipozitumia, hata kama aliamka alfajiri kila siku kuzitafuta.

Na masomo ya jumla, yale tunayoyadharau, ndiyo mepesi zaidi kubebeka. Leo unasoma ushonaji. Kesho ukiolewa mbali unaweza kukuta chuo cha karibu hakina ushonaji, kina upishi au kompyuta. Ujuzi wa kutia mkono wa gauni hautakusaidia sana huko. Hesabu, mawasiliano, ujasiriamali na kompyuta vitakusaidia kokote, maana havina fani.

Najua watakaonipinga, na wana hoja. Watasema ushonaji hujifunzwa kwa kukaa karibu na fundi, si kwa kukaa kwenye dawati. Ni kweli. Fundi wangu mkubwa dukani hakumaliza sekondari, na kwa kukata koti hakuna mwanafunzi wa chuo ninayemlinganisha naye. Lakini hata yeye hatakiwi kubaki bila karatasi. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa kazi yake, anaelekezwa palipopungua, anapewa cheti. Nimeshamwambia aende, na siku ya kupimwa nitamlipa kama siku ya kazi.

Watasema pia kwamba masomo hayo hufundishwa kwa kuchosha. Hapo nakubaliana nao kabisa. Tulikuwa tunaandikishwa fasili za Kiingereza ubaoni, tunazikariri, tunazisahau. Walimu wetu, tunawaomba: hesabu ya mshonaji ifundishwe kwa futi na kitambaa. Mpeni binti oda ya wapambe wanane muone kama atakwepa kipindi. Mawasiliano yafundishwe kwa kumwandikia mteja makadirio ya bei, risiti, na ujumbe wa kumkumbusha deni bila kumvunjia heshima. Binti akiona somo linamwokolea pesa atakuja darasani bila kuitwa.

Kuna jambo jingine la kumshukuru Allah. Zamani binti aliyekatisha shule alikuwa amekatisha. Leo milango imeongezeka. Handeni kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mmoja wa mtandao wa vyuo vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Sweden, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya huko. Katika vyuo vya aina hii umeendeshwa mpango wa Elimu Haina Mwisho wa shirika la Karibu Tanzania, ambao msichana aliyeacha shule, hata kama ni mama, anasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi na stadi za maisha, na mtoto wake anapata mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani. Angalieni walivyoliona jambo: hawakumpa cherehani peke yake. Walimpa na darasa.

Kwa aliyeishia darasa la saba upo Mtihani wa Maarifa, ule QT. Ukifaulu unaruhusiwa kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na huko kwenu visiwani kuna vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, kama Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji kule Pemba. Bibi harusi anayehamia Unguja au Pemba asiseme hakuna pa kuendelea.

Sasa nije kwenye ndoa yenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwamia. Si kwamba waume zetu wanakataa. Wengi hawakatai kabisa. Tatizo hatusemi. Tunajadili mahari, ukumbi, mpambaji, rangi za wapambe, na suala la chuo tunaliacha "tutaona huko huko". Huko huko ukifika kuna nyumba mpya, wifi, mimba ya kwanza, na chuo kinasahaulika.

Dini yetu haijatufundisha kuona haya katika jambo hili. Mama yetu Bibi Zaynab bint Jahsh (RA) alijulikana kwa kazi ya mikono yake: alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akikitoa sadaka. Mama yetu Bibi Hafsa (RA) alifundishwa kuandika na Bibi Shifa bint Abdullah (RA). Mmoja alishika ufundi, mwingine alishika kalamu, na wote walikuwa wake katika nyumba ya Mtume (SAW). Sisi ni nani hata tuseme mke wa mtu hana haja ya kalamu?

Kwa hiyo, dada yangu uliye kwenye posa na bado uko chuoni, nakushauri haya:

1. Uliza tarehe ya mtihani wa ngazi kabla ya kupanga tarehe ya harusi. Harusi ije baada ya mtihani. Wiki sita za kungoja si kitu. Nusu ya ngazi haina cheti.

2. Hakikisha chuo chako kimesajiliwa. Cheti cha chuo kisichosajiliwa utakitundika ukutani tu.

3. Kabla ya kuhama, chukua matokeo ya kila somo, orodha ya masomo uliyosoma na barua ya chuo. Uhamisho wa katikati ya kozi hushughulikiwa na vyuo vyenyewe kwa utaratibu wa NACTVET, kwa hiyo anza kuuliza mapema, usingoje mabegi yafungwe.

4. Chuo unachohamia kiulize kwa maandishi: watapokea masomo yapi, na yapi utarudia. Jibu la mdomo la getini usilitegemee.

5. Lizungumze na mchumba mbele ya walii wako. Sharti la halali lililokubaliwa kabla ya akdi lina uzito. Namna ya kuliweka muulize shekhe wako au kadhi.

Mnaweza kusema, mbona wewe bila stashahada unaendesha duka na una mafundi? Ni kweli, namshukuru Allah. Lakini kila mwaka zinakuja kazi zinazonipita: sare za shule nzima, zabuni, kufundisha chuoni. Wanaomba cheti, nami nina Ngazi ya Kwanza na maelezo marefu. Mwaka huu nimejiandikisha kurudia somo moja la kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimechagua Hesabu. Naam, ile ile niliyoikimbia. Usiku nikifunga duka namkalisha mwanangu wa kwanza, ananifundisha sehemu na asilimia, ananicheka, nami namwacha acheke.

Binti yetu tulikaa naye mpaka Alasiri. Alilia kidogo, kisha akampigia simu mchumba wake palepale. Kijana hakuwa hata anajua kuna mtihani. Alisema, "Kwa nini hukuniambia?" Harusi imesogezwa mbele wiki sita. Mama mkwe alinung'unika kuhusu ukumbi, lakini yameisha kwa uzuri.

Gauni lake limekatwa, liko kwenye begi. Nimemwambia ushonaji ni zawadi yangu, ila pindo na shanga nitazimalizia akiniletea matokeo ya Ngazi ya Pili, na ya Hesabu yawemo. Alhamisi iliyopita alinitumia picha ya daftari lake: mita ngapi za lesi kwa wapambe wanane. Alipata 28.

Allah awajaalie ndoa za kheri na elimu yenye manufaa. Aamin. Walioko vyuoni, niambieni mtihani wenu ni lini.

Wassalaam alaykum.