Mashine Inayohama Haitibiwi kwa Kamba

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa kijijini, ukipita kando ya ziwa wakati wa kiangazi, iwe Magu, Misungwi au Sengerema, utakuta pampu za petroli zimefungwa kama mbuzi. Moja imefungwa kwenye mti, nyingine kwenye jiwe, nyingine imezungushiwa vipande vya tyubu. Ukiuliza, jibu ni lilelile: "Mashine haitulii, ukiiwasha inahama."

Maoni yangu ni haya: kamba haitibu, inaficha ugonjwa. Mashine ikizuiwa kutembea, mtetemo wake hauishi. Unahamia kwenye boliti, kwenye fremu na kwenye miguu ya tangi la mafuta. Mwisho wake fremu inapasuka au tangi linavuja petroli juu ya silensa ya moto, na hapo huna hasara ya nyanya tu, una moto. Kabla ya kununua kamba nyingine, zima injini, iache ipoe, chomoa waya wa plagi, kisha kagua mambo manne kwa mpangilio huu. Nimeanza na yasiyo na gharama.

Kwanza, ardhi. Mwanza ni mji wa miamba, na wengi hupenda kuweka pampu juu ya mwamba kwa sababu ni pakavu. Lakini mwamba laini una utelezi, na mashine inayotetemeka hutembea juu yake kama iko kwenye sahani. Kwenye mchanga kinyume chake: miguu inajichimbia, upande mmoja unazama, injini inalala. Injini iliyolala ni hatari kuliko inayotembea, kwa sababu oili inakimbilia upande mmoja na vyuma vinasagana vikavu. Zenye kihisi cha oili huzima zenyewe, na wewe unadhani plagi imekufa. Zisizo na kihisi huendelea mpaka zinakwama. Sawazisha ardhi kwa jembe, weka mbao mbili pana, na juu yake kipande cha tairi chakavu.

Pili, mipira ya maji. Hapa ndipo wengi hawaangalii kabisa. Mpira wa inchi 2 ukijaa hubeba karibu lita 2 za maji kwa kila mita, yaani kilo 2. Mita 20 za mpira unaopanda ukingo ni kilo 40, wakati pampu yenyewe ya inchi 2 kwa kawaida haifiki kilo 30. Sasa nani anamvuta mwenzake? Uzito huo unaivuta mashine kurudi ziwani saa zote inapofanya kazi. Dawa ni kufunga mpira, siyo mashine. Pigilia kigingi imara mita moja au mbili kutoka kwenye pampu, funga mpira wa kusukumia hapo, halafu acha kipande kilicholegea kati ya kigingi na pampu. Mpira wa kunyonyea nao uegemezwe ili usining'inie kwenye mdomo wa pampu, maana ukivutwa unaingiza hewa na maji yanakatika.

Tatu, raba na boliti. Chini ya injini au chini ya fremu kuna raba nne za kumeza mtetemo. Zibonyeze kwa kidole. Kama zimekuwa ngumu kama kwato, zimepasuka, au moja haipo kabisa, umepata mgonjwa wako. Badilisha zote nne kwa pamoja, kwa sababu raba tatu za zamani na moja mpya huifanya mashine ichechemee. Kisha kaza boliti zote za fremu kwa spana, weka waisha za springi au nati zenye nailoni ndani. Nati ya kawaida kwenye injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika haidumu.

Nne, injini na pampu yenyewe. Kama juu ya ardhi tambarare, na mipira imefungwa vizuri, bado inaruka, basi inakosa moto, au feni ya ndani ya pampu imekwaruzwa na mchanga au imebeba takataka upande mmoja. Hapo mwite fundi. Lakini mwite baada ya kukagua yale matatu, usije ukalipia ufundi wa injini kwa tatizo la raba.

Najua wapo watakaosema, "Nitamwaga zege ukingoni, nifunge mashine kwa boliti, nimalize." Mimi napinga. Ziwa hili halikai mahali pamoja. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda na kufunika mashamba na makazi ya ukingoni. Zege lako litakuwa chini ya maji. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kuisogeza pampu mbali na juu sana nako si jibu: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na pampu iliyoandikwa kunyonya mita 8 usiitegemee kupita 6. Kinachofaa ni fremu ya kuhamishika ambayo fundi wa kuchomelea atakutengenezea: ya chuma, pana kuliko mashine, yenye miguu bapa.

Kwa mfanyabiashara anayezunguka minadani na jenereta kwenye trei ya kuvuta nyuma ya gari, somo ni hilohilo. Trei ikijifungua njiani, usikimbilie tyubu. Angalia tundu la pini. Kama limetanuka na kuwa refu kama yai, pini mpya haitasaidia. Toboa tundu jipya kwenye chuma kizima, weka pini nene yenye klipu ya kuizuia isichomoke, na uchomelee kizuizi mwisho wa reli ili pini ikikatika jenereta isiangukie barabarani. Ukifika, itoe nje kabisa kabla ya kuwasha. Moshi wake unaua kimyakimya ndani ya gari au kibanda.

Raba nne, kigingi na nati chache ni matumizi madogo ukilinganisha na pampu iliyozama nyanya zikiwa zinatoa maua. Wiki hii, kabla jua halijakaza, igeuze mashine yako uiangalie miguu.